Ulipoachia Chaki, Profesa

Ninyi mliokuwa nami tangu mwanzo mnajua nilikofikia. Mlioingia leo sogeeni mkae, sitawachelewesha.

Mimi ni Mwavita, binti wa Zuberi mwalimu wa madrasa, mzaliwa wa Kasuku hapa Kindu. Mwaka wa sabini na tisa nilikuwa mwanamke peke yangu katika mwaka wa mwisho wa hesabu, kwenye Instituti ya kufunza walimu. Mnajua walivyotaka kunipeleka sehemu ya mapishi na ushonaji, nikakataa. Mnajua wakwe wa Kasongo walivyorudisha maneno yao ya posa waliposikia kwamba nabishana na wanaume mbele ya ubao.

Na wiki jana niliwaachia pale Kitenge, asistanti wetu wa somo la Analizi, aliponiangusha kwa sababu nilinyoosha mkono nikasema teorema yake ni ya uongo. Nikarudia mwaka. Nikanyoosha mkono tena. Safari hii alinishtaki kwa watu wa Chama kwamba mimi ni mvurugaji, nikapewa kazi ya kukata majani ya uwanja wa ndege kila Jumamosi ya salongo, ile kazi ya lazima ya serikali.

Pale Instituti, mwaka wa mwisho ukianguka mara mbili unafungasha. Hakuna kurudia tena, hakuna diploma. Mimi mara moja nilikuwa nimeshaila.

Teorema yenyewe ni hii, na hata asiyepita shule ataielewa. Chukua moja. Ongeza nusu. Ongeza theluthi, ongeza robo, sehemu ya tano, sehemu ya sita, endelea hivyo bila kusimama. Vipande vinazidi kuwa vidogo. Je, jumla itafika mahali igote, au itapanda tu bila kikomo?

Kitenge alitufunza kwamba inagota. Inagota kwenye namba inayoitwa S.

Nikamuuliza, "Asistanti, S ni ngapi?"

"S ni S," akasema.

Darasa zima likacheka. Hawakumcheka yeye, walinicheka mimi!

Sasa twende.

Jumamosi moja nilirudi kutoka salongo na malengelenge viganjani, nikamkuta kaka yangu Assani amekaa barazani na kikombe cha chai. Assani ni mwalimu wa hesabu kule Kampene. Alisoma Instituti hiyohiyo, darasa moja na Kitenge.

"Habari imefika mupaka Kampene," akasema. "Profesa Bosenge anarudia. Ekzame ya Jumatatu atafanya yeye mwenyewe."

Nikaruka kwa furaha: mtihani wetu atausikiliza Profesa mwenyewe! Kwa wasiojua, Kindu hatukuwa na profesa wetu wa Analizi. Bosenge alikuwa analetwa na ndege kutoka Kisangani. Akishuka anafunza asubuhi, mchana na jioni, somo la mwaka mzima kwa siku chache, kwa sababu ndege ikirudi haimngoji mtu, na ikimwacha hajui itarudi lini. Yeye anaandika, wanafunzi wananakili. Kuuliza hakuna, wakati wenyewe uko wapi? Kilichoandikwa ubaoni kinanakiliwa, kilichonakiliwa kinakaririwa, na siku ya mtihani kinarudishwa kilivyo.

Halafu petroli ikawa shida, ndege zikapungua, na tangu mwaka wa sabini na tatu Profesa hakuonekana tena. Kitenge, aliyekuwa anakariri kuliko wote, akafanywa asistanti ili alirudie somo kama alivyolipokea.

"Yaya, vizuri sana," nikamwambia Assani; kwetu kaka mkubwa ni yaya. "Profesa njo atasema nani ana haki."

Assani hakufurahi. Aliweka kikombe chini.

"Mwavita, achana na ile teorema. Sema kama wengine watasema. Kamata diploma yako, kwisha."

"Ni uongo, yaya."

"Najua."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Unajua?"

"Miye nilikuwa mu darasa siku ile." Alikuwa anatazama uani, hanitazami mimi. "Profesa aliandika ku tablo: tuseme jumla iko na mwisho, tuuite S. Alikuwa anaanza mustari wa pili. Tukasikia ndege. Ilifika mbele ya saa. Akatupa chaki, akakamata mukoba wake, akatoka mbio. Hata kwaheri hakusema."

"Halafu?"

"Halafu nini? Tulinakili kile kilikuwa ku tablo."

Ndugu zangu, hapa ndipo damu ilinichemka, ngoja niwaeleze kwa nini. Katika hesabu kuna njia ya kuthibitisha ambayo unaanza kwa kukubali uongo makusudi. Unasema, haya, tuseme ni kweli. Halafu unaufuata ule uongo hatua kwa hatua mpaka ugonge ukuta. Ukishagonga unarudi na kusema, kumbe haikuwa kweli.

Profesa alikuwa ameanza hivyo. Aliuweka uongo ubaoni ili auvunje, ndege ikamchukua kabla hajauvunja. Na watu wazima, wanafunzi wa chuo kikuu, wenye suruali za kupiga pasi, wakauchukua uongo ule wakaupigia mstari mwekundu na kuuita teorema!

"Yaya, mulikuwa wengi vile, hakuna hata mumoja aliuliza mwisho uko wapi?"

"Tungemuuliza nani? Ndege?"

"Baba ku madrasa, mutoto akikatika katikati ya aya, baba anamuambia nini?"

Assani akainama akaokota kikombe chake.

"Anamuambia, maliza. Mutoto mudogo, yaya, meno hajaota yote. Na nyinyi?"

"Niliijua nyuma," akasema polepole. "Nikiwa kule Kampene. Nilikaa chini nikaitafuta, nikaona jumla haina mwisho."

"Na ukaendelea kufunza ile ya uongo?"

"Inspekta anakuja na programu mu mukono. Iko mu programu. Nitafanya namna gani?" Sasa naye alikuwa amepandisha sauti. "Fikiri kidogo! Diploma yangu, ya Kitenge, ya wale wote walitoka hapa wakaenda Punia, wakaenda Kibombo. Ukisimama mbele ya Profesa useme tulifunzwa uongo, watu watasema walimu wa Kindu ni wa bure. Watanifukuza. Watoto wangu watakula nini?"

"Kwa hiyo miye nianguke ili nyinyi musimame?"

"Sikusema uanguke. Nilisema ukariri."

Nakiri mbele yenu kwamba siku ile nilimchukia kaka yangu kuliko Kitenge. Kitenge alikuwa mjinga wa kweli, ujinga wake haukuwa na hila. Assani alijua, akawapa watoto wa watu uongo anaoujua, kisha akanawa mikono na kwenda kula. Nilikataa kumwandalia chakula. Mama akamwandalia, na mimi nikagombezwa kwa kukosa adabu.

Jumatatu ikafika.

Kitenge alikuwa amesimama mlangoni, abakosti yake, lile koti la Chama lisilo na tai, imenyooka kila upande. Zamani aliitwa Isidore. Majina ya kizungu yalipopigwa marufuku akabaki Kitenge, na akadai tumwite Sitwayeni, yaani mwananchi, Sitwayeni Asistanti, yote mawili kwa pamoja, usipunguze hata moja.

"Sitwayeni Mwavita," akaniambia chini chini, "leo ukaidi hapana. Unasema kile kiko mu kozi. Ukileta mambo yako unaanguka mara ya pili, na ya pili njo ya mwisho. Unasikia?"

"Nasikia, Sitwayeni Asistanti."

Profesa Bosenge alikuwa ameshakaa, mkoba wake miguuni umefungwa mikanda. Ndege ya kumrudisha ilikuwa ya siku hiyohiyo, saa yake hakuna aliyeiamini. Mtihani ulikuwa kwa Kifaransa, lakini Profesa alikuwa mtu wa Kisangani, na akishikwa na hasira au haraka alirudi kwenye Kiswahili. Siku ile alirudi mapema.

Wa kwanza kuitwa ubaoni alikuwa Sumaili, mkuu wa darasa, kijana mrefu mwenye kicheko kikubwa. Kile kicheko nilikuwa nakijua vizuri sana.

"Moja, nusu, teluti, robo, tukiendelea vile," Profesa akasema. "Jumla yake iko na mwisho, ao haina?"

Sumaili akanyooka. "Jumla ina mwisho, tuuite S."

Profesa akangoja. Sumaili naye akangoja.

"Halafu?"

"Ni hapo, Profesa."

"Hapo wapi?"

"Hapo njo mwisho wa teorema."

Profesa akacheka, akidhani kijana anatania. "Haya, endelea."

Sumaili akarudia ileile, safari hii kwa sauti zaidi, maana alidhani mzee hasikii vizuri.

Kicheko cha Profesa kikaisha. "S ni ngapi?"

"S ni S, Profesa."

"Zero. Kaa."

Akaitwa wa pili. Jumla ina mwisho, tuuite S. Zero. Akaitwa wa tatu. S ni S. Zero. Kitenge pale pembeni alikuwa anajipangusa shingo kwa leso, na leso ilikuwa imelowa.

Mngedhani nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi, sifichi! Sumaili alipokaa na zero yake nilitaka kupiga vigelegele. Lakini walivyoendelea kuanguka mmoja baada ya mwingine, furaha iliniishia. Wale vijana hawakuwa wajinga. Nilikuwa nimewaona wakitembea kwenye reli mchana kutwa jua likiwawakia, wakikariri kwa sauti mpaka koo zinakauka. Walikariri kila walichopewa. Walipewa nusu ya kitu, wakaambiwa ni kizima.

Nikabaki mimi. Aliyeanguka mwaka uliopita huitwa mwisho, ndiyo desturi.

Profesa akafunga kalamu yake. "Mupumuzike kidogo," akasema. "Halafu nitamusikiliza huyu wa mwisho. Kama naye ataniambia S ni S, miye nafunga section hii yote ya hesabu. Leo. Nitapeleka neno Kinshasa."

Tukatoka nje. Sijafika hata kwenye ngazi, mtu akanishika kiwiko.

"Mwavita. Dada yangu."

Alikuwa Kitenge. Tangu nimjue hakuwahi kuniita dada.

"Ile hesabu yako," akasema. "Ile ya mwaka jana. Ungali unaijua?"

"Ile ya ukaidi?"

"Nakuomba. Usinilipe kisasi saa hii. Iweke ku tablo. Section yote iko mu mikono yako."

"Na juu ya kuniangusha utasema nini? Juu ya majani ya uwanja wa ndege utasema nini?"

"Nitasema kweli. Nitasimama mbele ya Profesa niseme, huyu alinionya, miye nilikosa. Mungu ananiona, Mwavita."

Macho yake yalikuwa mekundu. Nikamwonea huruma. Nichekeni, mna haki: mimi Mwavita, mwenye kichwa cha hesabu, nilimwamini Kitenge.

Tukarudi ndani. Nikashika chaki.

Nikaandika: tuseme jumla ina mwisho, tuuite S.

Nyuma yangu nikamsikia Profesa anashusha pumzi kama mtu aliyekata tamaa. Alidhani nami naishia hapo.

"Sasa tupange vipande viwili viwili," nikasema. "Moja na nusu. Moja inazidi nusu, kwa hiyo vyote viwili pamoja vinazidi nusu mbili, yaani moja. Theluthi na robo. Theluthi inazidi robo, kwa hiyo pamoja vinazidi robo mbili, yaani nusu. Sehemu ya tano na sehemu ya sita pamoja vinazidi sehemu mbili za sita, yaani theluthi."

Kiti kikatoa mlio. Profesa alikuwa anasogea mbele.

"Endelea," akasema.

"Tuangalie tumepata nini. Moja, nusu, theluthi, na baada yake itakuja robo. Ni hesabu ileile tuliyoanza nayo. S imerudi. Lakini kila mara tulisema inazidi, inazidi, inazidi. Kwa hiyo S ni kubwa kuliko S."

Nikageuka kumtazama.

"Kitu hakiwezi kuwa kikubwa kuliko chenyewe, Profesa. Basi tulikosea pale mwanzo tuliposema mwisho upo. Hauko. S haiko."

Profesa akasimama akapiga makofi, peke yake. "Vizuri! Vizuri kabisa! Hii njo hesabu! Nani alikufunza?"

Nikamtazama Kitenge. Nilikuwa nangoja yale maneno aliyomwapia Mungu pale nje.

Kitenge akainuka. Akaivuta abakosti yake chini, ikanyooka.

"Ni miye, Profesa," akasema. "Nilifunza darasa lote vile. Huyu mwanamuke peke yake njo alikuwa anafuata. Wengine ni uvivu tu."

Ee Mungu wangu! Kuna hasira zinazokufanya upige kelele, na kuna zinazokukausha ulimi. Ile ilinikausha. Mtu amenipotezea mwaka mzima kwa sababu ya hesabu ile, amenipeleka kukata majani na watu waliokamatwa kwa ulevi, leo anaivaa kifuani, na jasho la kuniomba halijamkauka!

Sumaili akaruka kutoka kwenye kiti. "Profesa, anasema uongo! Alitufunza S ni S! Dada Mwavita alisema hapana, akamupa azabu! Siye wote tuliona, tena tulicheka!"

"Unaona, Profesa?" Kitenge akasema kwa upole. "Muntu akipata zero, anatafuta wa kumubebesha."

Darasa likawaka. Kila mtu anapiga kelele, wengine wamepanda juu ya viti. Profesa akagonga meza mpaka wakanyamaza.

"Miye sina wakati, ndege inakuja. Nitauliza muntu mumoja tu, huyu anajua hesabu." Akaninyooshea kidole. "Sitwayeni Mwavita. Asistanti alikufunza, ao hakukufunza? Kama alikufunza, wewe unapita na distinction, section inabakia, hawa wavivu wanaanguka. Kama hakukufunza, basi hapa hakuna kozi ya Analizi. Nafunga section leo, hakuna muntu anapata diploma, na yako iko ndani."

Mmesikia? Nikisema ndiyo, diploma ni yangu, na vijana wale wote wanaenda na maji. Nikisema hapana, nakwenda nao, na Kitenge, na Assani na watoto wake kule Kampene.

Kitenge alikuwa ananitikisia kichwa kidogo kidogo: sema ndiyo. Sumaili alikuwa amefumba macho, midomo inacheza, nadhani alikuwa anaomba. Nikamkumbuka kaka yangu barazani. Sikusema uanguke, nilisema ukariri. Kumbe kila mtu katika mji huu alitaka nikariri, tofauti ni kila mmoja alikuwa na maneno yake ya kunikaririsha.

Pengine ningesema ndiyo. Nawaambia kweli, ulimi ulikuwa karibu. Nilikuwa nimechoka.

Lakini Profesa hakuweza kunyamaza. Alitazama saa yake, akaongeza, "Jibu upesi. Miye niliacha hapa kozi ya sawasawa. Tangu nianze kazi, sikuandika uongo ku tablo hata siku moja."

Nikachukua kifutio. Nikafuta ubao wote, jozi zote, S yangu kubwa kuliko S, nikaacha ule mstari wa kwanza peke yake. Tuseme jumla ina mwisho, tuuite S.

"Unafanya nini?" Profesa akauliza.

"Unasema haukuandika uongo. Ni kweli, Profesa. Uliandika nusu."

"Nini?"

"Mwaka wa sabini na tatu, mu chumba hiki, ulifika hapa." Nikagonga mwisho wa mstari kwa chaki. "Ndege ikalia. Ukatupa chaki, ukakimbia, hata kwaheri haukusema. Yaya yangu Assani alikuwa amekaa pale. Asistanti Kitenge alikuwa amekaa pale. Walinakili kile uliacha. Tangu siku ile watu wanakariri kile uliacha, mupaka Punia, mupaka Kampene."

"Mwavita, nyamaza," Kitenge akasema.

"Wewe njo unyamaze!" Sauti yangu ilitoka kubwa mpaka mimi mwenyewe nikashtuka. "Hakunifunza, Profesa. Hapana yeye, hapana wewe. Nilijifunza peke yangu, na juu ya kujifunza walinipeleka kukata majani. Lakini huu uongo siyo Kitenge aliuanza. Unapenda kufunga section? Maliza kwanza. Maliza teorema yako ku tablo, mbele ya hawa uliwapa zero. Halafu zero umupe ule inamufaa."

Nikamnyooshea chaki.

Nilidhani atanifukuza. Nilidhani atawaita watu wa Chama, na safari hii isingekuwa majani tu. Alikaa akautazama ule mstari. Midomo yake ikausoma polepole, na alipofika kwenye S akainua macho kwenye dirisha, upande wa uwanja wa ndege. Hapo nikajua amekumbuka.

Akainuka. Alikuja mpaka ubaoni, mzito, kama mtu anayepanda ngazi na gunia. Akaichukua chaki mkononi mwangu. Kitenge alikuwa ameacha kujipangusa.

Akaweka chaki chini ya mstari wa kwanza. Akaandika moja. Akaandika alama ya kujumlisha.

Ndipo tukaisikia. Kwanza mbali, ng'ambo ya mto, halafu karibu, halafu juu ya mabati yetu. Ndege ya Kisangani, mbele ya saa.

Mkono wa Profesa ukasimama. Akageuza shingo kuutazama mkoba.

"Profesa, ndege yako," Kitenge akasema haraka, na ameshauinua mkoba wenyewe. "Nitakusindikiza. Haya mambo tutayaweka sawa siye wenyewe."

Sumaili akatoka kwenye kiti chake. Sikumwelewa mara moja. Alipita katikati ya viti akaenda mlangoni, akaufunga, akaegemeza mgongo wake pale. Wenzake wakainuka mmoja mmoja wakamfuata, mpaka mlango haukuonekana tena.

"Fungua mulango, Sumaili," Profesa akasema. Chaki ilikuwa bado mkononi mwake.

Sumaili hakumtazama. Alikuwa ananitazama mimi, anangoja niseme kama afungue.